Tranki ya SIP: vile watu hudanganyana na vile mambo yako

Tranki ya SIP ni laini ya simu za ofisi inayopita kwa intaneti badala ya waya wa simu, na uongo unaokula pesa za watu sana ni huu: "sauti inakatakata, ongeza spidi." Hapa Kisumu utapata ofisi ya watu watano inasukumwa ilipie paketi kubwa, na simu moja ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inatumia karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, ya G.729 kama 31 hivi, yaani hata simu kumi kwa mpigo hazifikishi megabiti moja. Shida kawaida ni mtu anapandisha video au bakapu inaenda klaudi saa ya kazi, laini ya kupandisha inajaa, sauti inapangwa foleni nyuma. Ingia kwa ruta uweke QoS, yaani mpangilio wa nani apite kwanza, sauti ipite kwanza.

Halafu kuna "imeshasoma Registered, kazi imeisha." Yaani PBX, mtambo wa simu wa ofisi, imejisajili kwa kampuni ya tranki. Wapi! SIP ni ya kuita na kukata tu, sauti yenyewe inapita kwa RTP, poti zingine kabisa (kwa Asterisk, programu ya PBX, ni 10000 mpaka 20000 usipobadilisha). Sasa PBX yako iko nyuma ya NAT (ruta inaficha adresi za ndani nyuma ya adresi moja ya nje), inaandikia kampuni ya tranki "nitumie sauti hapa 192.168.1.10", na hiyo adresi haijulikani nje ya mlango wako, so simu inalia, inashikwa, alafu mteja anakuskia we humskii. Dawa ni kujaza IP ya nje na netwaki ya ndani kwa mipangilio ya PBX. Na kama simu inakatika sekunde ya 32 kila mara, wacha kulaumu kredito: upande ulioshika simu ulingoja ujumbe wa ACK (wa kuthibitisha), haukufika, ukakata. Ni NAT hiyo hiyo.

Ati SIP ALG kwa ruta inasaidia SIP? Jina ndio linasema hivyo. Kazi yake ni kuandika upya zile adresi na mara nyingi inazivuruga, mimi huizima kabla sijagusa kitu kingine.

401 kwenye logi pia hushtua watu bure, ni seva inaomba paswadi tu, ona kama inafuatwa na 200, yaani imekubali.

"Nimetoa poti 5060 nikaweka ingine, niko salama." 5060 ndio poti ya kawaida ya SIP, kwa hivyo hapo umepunguza kelele za majaribio tu. Wezi wanatafuta ekstensheni (namba ya simu ya ndani) 100 yenye paswadi 100, wakiipata wanapiga simu za ng'ambo usiku wa wikendi na bili inakuja kwako. Fayawoli iruhusu IP za kampuni ya tranki pekee, simu za nje ya nchi zifunge kama huzihitaji, na uombe kikomo cha matumizi.

Mwisho stima. Ile simu ya waya ya zamani ilipata umeme kutoka eksichenji, hii haina hiyo bahati, kwa hivyo ruta, swichi na PBX zote ziwe kwa UPS. UPS ya kompyuta ya bosi haihesabiki.