Mumiani, mwani na mashine isiyokosea

Nilirudi Lamu kwa boti ya Mokowe, kitambulisho cha kongamano la maabara bado kinaning'inia shingoni. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Kufika uwanja wa Mkunguni, wazee waliokuwa kwenye bao wakakiona, na maswali yakaanza kabla kahawa haijamiminwa.

"Mwanangu, huko ndiko mnakouzia damu zetu?" ami mmoja aliniuliza, nusu mzaha, nusu si mzaha.

Dhana: damu ya utafiti huenda kuuzwa. Simlaumu ami. Pwani hii tumelelewa na hadithi za mumiani. Lakini tuhesabu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kichupa cha utafiti mara nyingi huingia mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Damu ya kuongezewa mgonjwa ni mfuko mzima wa karibu mililita 450, nao hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6, na hata ukitunzwa vizuri hauzidi siku 42. Kijiko cha chai kwenye kichupa hakina mnunuzi. Tena utafiti nchini Kenya hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na anayetoa damu ana haki ya kuuliza inakwenda wapi na itafanyiwa nini. Ulizeni. Wengi wetu wa maabara tunachoma sindano na kuondoka bila maelezo, halafu tunashangaa mumiani hafi.

Dhana: mashine haikosei. Hii inaniuma, kwa sababu na mimi niliiamini. Chukua PCR, kipimo ambacho Kary Mullis alikibuni mwaka 1983 na kupewa Nobel ya kemia mwaka 1993. Kazi yake ni kunakili kipande cha vinasaba. Joto hupanda hadi nyuzi 95 ili kamba mbili za kinasaba ziachane, hushuka, kisha hupanda tena hadi 72 nakala ijengwe. Kila mzunguko huzidisha mara mbili, na mizunguko 30 ikienda sawa, kipande kimoja hufika zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya kinachojenga nakala hizo na kustahimili moto huo kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Ni kazi ya ajabu, ila mashine hainusi. Ukiitia chuya, itakuzidishia chuya.

Mwaka mmoja nilipeleka bara sampuli sita za malaria. Zote zikarudi "haisomeki". Nililaani mashine wiki nzima, hadi mwenzangu aliponiuliza kwa upole vichupa vilikuwa na kifuniko cha rangi gani. Kijani. Kijani ina heparini, ambayo huzuia damu isigande lakini pia hukizuia kile kimeng'enya kufanya kazi. Nilitakiwa kutumia zambarau. Mashine haikuwa na kosa, wala wagonjwa. Mwenye kosa ni mimi.

Ami aliposikia alicheka. "Kumbe ni samaki tu." Ndiyo, ni samaki. Changu akishinda juani kwenye mashua, mpishi hodari wa Shela hawezi kumrudisha. Vipindi nilivyovipenda zaidi kongamanoni havikuhusu mitambo mipya. Vilihusu barafu, makasha ya baridi na umeme unaokatika saa nane usiku.

Dhana: teknolojia ya maabara ni vyombo vya bei ya nyumba. Vipo, sikatai. Lakini kitu ambacho hakuna maabara ya bakteria inayoweza kukikosa kilitoka jikoni. Katika maabara ya Robert Koch, mtafiti wa bakteria, Ujerumani, miaka ya 1880, walioteshea vijidudu juu ya jelatini, nayo ikiyeyuka joto likizidi. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti, alipendekeza agari aliyokuwa akigandishia vyakula vyake. Agari hutengenezwa kwa mwani mwekundu, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Mwani, jamani, tunaoupiga teke ufuoni.

Dhana: kilichotangazwa kongamanoni kimethibitishwa. Hapana. Mengi ni matokeo ya awali kwenye bango, mwenyewe kasimama pembeni akingoja kuulizwa maswali magumu. Ukiona kichwa cha habari "wanasayansi wamegundua" siku ya pili ya kongamano, subiri.

Dhana: mnakwenda kula posho na kukusanya kalamu. Kalamu zipo kwenye meza za wauzaji, na ni nzuri. Ila mtego uko kwenye mkataba: mashine unaweza kupewa bure, halafu vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ununue kwao tu, kama mtu aliyepewa jiko ambalo mafuta yake yanauzwa duka moja. Nilimuuliza kijana wa meza moja chombo chake kinavumilia joto la chumba hadi nyuzi ngapi. Akafungua kitabu, akasoma: 30.

Nikamwambia aje Lamu mwezi wa Machi, adhuhuri, stima ikiwa imekatika. Kalamu yake nikaiacha mezani.