Mkiafyatuo wa pangoni ni mnyama gani?

Mkiafyatuo, ambaye wataalamu humwita kolembola, ni arithropodi (mnyama asiye na uti wa mgongo, mwenye miguu ya pingili) mdogo mno. Wengi hawazidi milimita 6, na wapo wasiofika hata milimita 1. Ana miguu 6 na vipapasio 2 kichwani, hana mbawa. Kwa miguu hiyo watu humhesabu mdudu, na mtaani hakuna atakayebisha. Ila wanasayansi wa leo wengi humweka kando: sehemu za kinywa chake zimezama ndani ya kichwa, ilhali za nzige au mende ziko nje, na tumbo lake halina pingili zaidi ya 6.

Utamu uko chini ya tumbo hilo. Pingili ya nne ina mkia wenye panda mbili, umekunjwa kuelekea mbele na kubanwa na kikulabu cha pingili ya tatu. Akishtuliwa, kikulabu huachia, mkia hupiga chini, naye hurushwa juu kama mtego wa panya ulioguswa. Pingili ya kwanza ina kijibomba cha kufyonzea maji.

Anayeishi juu, kwenye majani yanayooza, kwa kawaida ana rangi na vijicho visivyozidi 8 kila upande wa kichwa. Jamii zilizozaliana gizani vizazi na vizazi mara nyingi hupoteza vyote viwili: huwa nyeupe na vipofu. Nyingi vipapasio na miguu yao imerefuka, maana njia hutafutwa kwa kupapasa na kunusa.

Ngozi yake ni nyembamba na wengi hupumulia hiyohiyo, kwa hiyo ukavu humuua upesi. Ndiyo sababu mapango ya mwamba wa matumbawe yenye unyevu, mfano la Mangapwani kule Unguja, lenye maji baridi ndani, ni makazi ya kumfaa. Chakula hutoka nje: majani yaliyosombwa na mvua, mizizi iliyopenya mwambani, na kinyesi cha popo kinachoota ukungu. Ukimtafuta usihangaike na kuta. Chutama penye kinyesi kibichi, laza tochi karibu na ardhi, utazame vidoa vyeupe vinavyosogea.

Mapango ya Unguja na Pemba si marefu kwenda chini. Lakini katika pango la Krubera, Abkhazia, kwenye milima ya Kaukazi, mwaka 2010 alipatikana mkiafyatuo aitwaye Plutomurus ortobalaganensis kwenye kina cha mita 1,980, naye pia anakula ukungu na mabaki yaliyooza.