Ampaya (mwamuzi) akinyamaza haimaanishi sefu (umesalimika): dhana potofu kuhusu kukimbia besi kwenye softiboli

Jumamosi tulikuwa na mechi ya mabinti hapa Tabora, vumbi la kiangazi si mnalijua, besi zenyewe, yaani vituo ambavyo mkimbiaji lazima avikanyage kwa mpangilio, ni vipande vya gunia tumeshona tukajaza mchanga. Binti mmoja akapiga mpira mrefu akakimbia mpaka besi ya tatu, ila ya pili aliiruka, hakuikanyaga kabisa. Karibu wote tuliona, na ampaya aliona, akakaa kimya. Timu iliyokuwa inalinda wakaanza kumzomea eti kapendelea, wakati wanazomea mrushaji wao, yule anayemrushia mpigaji, akarusha mpira unaofuata, na hapo hapo haki yao ikaisha.

Dhana yenyewe ni kwamba ampaya akiona kosa lazima aseme. Nadhani tumeitoa kwenye soka, refa anapuliza filimbi na mambo yanaisha. Ukweli ni kwamba kwenye softiboli besi iliyorukwa ni kosa la kudaiwa. Wasipodai, ampaya haruhusiwi kuwasaidia, kama ambavyo haruhusiwi kumwambia mkimbiaji arudi. Kudai kwenyewe ni rahisi mno: mpira ukiwa bado unachezwa, mwenye mpira akanyage ile besi au amguse yule mkimbiaji, na ajulikane anadai nini. Mchezo ukishasimama, mlinzi wa eneo la ndani, karibu na besi, anamwambia tu ampaya kwa mdomo, "huyu hakukanyaga besi ya pili". Ila lazima iwe kabla ya mrusho unaofuata. Inaniuma sana mabinti wakipoteza auti (kumtoa mkimbiaji) ya wazi namna hii kwa sababu tu sisi makocha hatukuwaambia.

Hiyo ya kudai inahusu pia mtu aliyeondoka mapema mpira ulipodakwa hewani. Na hapa kuna nyingine, wengi tunawafundisha wasubiri mpaka mpira ushikwe vizuri ndo watoke. Sio hivyo. Mpira ukimgusa tu mlinzi kwa mara ya kwanza unaruhusiwa kuondoka, hata kama bado unadundadunda kwenye glavu, maana ingekuwa vinginevyo mlinzi angeuchezea makusudi huku anakimbia kuja ndani na wakimbiaji wote wangeganda.

Tofauti na hilo, ukiachia besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, ampaya hasubiri mtu adai. Mpira unakufa, yaani mchezo unasimama, wewe auti.

Sasa rede. Mabinti wetu wamekua na rede, ukipigwa na mpira umetoka, kwa hiyo mkimbiaji akipigwa mgongoni na mpira uwanja mzima unapiga kelele "autiii". Ampaya hapo anajiuliza kwanza, mpira umetoka wapi? Kama umerushwa na mlinzi ukampata mkimbiaji bahati mbaya, hakuna auti, mchezo unaendelea, auti inakuja tu kama aliuzuia makusudi. Kama umetoka kwenye gongo, ukiwa ndani ya mistari, haujaguswa na mlinzi wala kumpita, na ukamkuta mkimbiaji yuko nje ya besi, huyo ni auti hata kama hakukusudia. Akiwa amesimama kwenye besi yake haondoki, labda auzuie makusudi. Kwenye besiboli ni tofauti, kule besi kwa kawaida haikukingi, ndo maana mtu aliyejifunzia besiboli huwa anabisha kwa kujiamini kabisa.

Kuna duara la mrushaji pia, nusu kipenyo chake mita 2.44. Watu wanadhani mrushaji akishakuwa na mpira pale ndani, mkimbiaji aliye nje ya besi anaweza kucheza nae, anaenda anarudi anasimama anamchungulia. Hapana jamani. Kama mpigaji ameshafika besi ya kwanza au ameshatoka, mkimbiaji anaruhusiwa kusimama mara moja tu, halafu palepale aamue, mbele au nyuma, na akishaamua asigeuze. Akigeuza au akiganda ni auti bila mtu kumgusa. Mrushaji akianza kumchezea mkimbiaji, kwa mfano kutishia kurusha, hapo ndo mkimbiaji anafunguliwa.

Lile la kuzuiwa njia ndo linaleta ugomvi mkubwa. Mlinzi hana mpira, na wala haudaki mpira uliopigwa, kasimama njiani, mkimbiaji anamgonga anapunguza mwendo. Utaona ampaya ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefungwa, na mchezo unaendelea. Watu wanasema "mbona hasimamishi?", wengine wanadai besi moja ya bure. Besi ya bure haiji yenyewe. Ule mkono unasema nimeona, na tukio hilo likiisha ampaya anampa mkimbiaji besi ambayo anaamini angeifikia kama asingezuiwa, inaweza kuwa ya mbele, inaweza kuwa ileile aliyotoka. Hawezi kutolewa kati ya zile besi mbili alipozuiwa, labda avunje sheria nyingine, kama kumgonga mlinzi anayedaka mpira uliopigwa.

"Ikiwa sare ni ya mkimbiaji": kitabu hakina sare, ampaya anaamua tu kipi kimetangulia, mguu au mpira.

Kuna hii pia ya "moja jumlisha moja" mpira ukirushwa vibaya ukatoka nje ya uwanja, yaani besi unayoiendea na moja ya ziada. Sio. Ni besi mbili, zinahesabiwa kuanzia besi ya mwisho uliyoigusa wakati mpira unaachia mkono wa aliyeurusha. Kwa hiyo kama ulikuwa umeacha ya kwanza unaelekea ya pili, unapata ya tatu. Ila kama ulikuwa umeshageuka unarudi ya kwanza, bado unapata ya tatu ileile, na hapo ndo kelele zinapoanza maana wengi wanadhani ukirudi unahesabiwa kwa kurudi.