Mpira wa Kapulingi: Mgumu Zaidi Si Lazima Uwe Bora Zaidi

Mpira wa kapulingi, yaani kiungo kinachounganisha shafti ya mota na shafti ya mashine inayoendeshwa, ukikatika mara mbili mfululizo, mafundi wengi huamua kutia mgumu zaidi. Mara nyingine inasaidia. Mara nyingi, lakini, mpira unapona na beringi za mota ndizo zinazoanza kulia, kwa sababu mshtuko uliokuwa ukimezwa na mpira sasa unapita moja kwa moja hadi kwenye shafti.

Mpira huu wenye umbo la nyota, unaokaa katikati ya meno ya chuma, una kazi tatu: kupitisha nguvu ya kuzungusha, kutuliza mitikisiko, na kuvumilia shafti ambazo hazikunyooka sawasawa. Hakuna aina inayozimudu zote kwa kiwango kimoja.

Raba ya nitrili, yenye ugumu wa takriban 80 kwa kipimo cha Shore A, ndiyo hodari wa kutuliza mitikisiko. Haiogopi mafuta na huhimili joto la hadi nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Poliyurethani hubeba karibu mara moja na nusu ya mzigo wa nitrili, ila nyingi huishia nyuzi 70 hivi, na maji moto au mvuke huila taratibu. Poliesta nyumbufu hubeba kama mara tatu ya nitrili na hustahimili nyuzi 120, lakini hutuliza kidogo sana na huvumilia shafti zilizopinda kwa nusu tu ya pembe ambayo nitrili ingevumilia.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya nguvu ya kuzungusha. Zidisha kilowati kwa 9550, kisha gawa kwa mizunguko ya dakika moja. Mota ya kilowati 7.5 inayozunguka mara 1450 hutoa takriban nyutoni-mita 49. Pampu ya kawaida ya maji inaweza kutosheka na kiasi hicho. Kompresa ya pistoni hupiga kwa vishindo, hivyo kadiria mara mbili au zaidi, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji.

Usitupe mpira uliokufa kabla ya kuusoma, maana ndio shahidi wako mkuu. Miguu iliyobanwa ikabaki myembamba inaonyesha mzigo mkubwa au umri; ikipungua robo ya unene wake, badilisha. Unga wa mpira chini ya kapulingi na miguu iliyolika upande mmoja huelekeza kwenye shafti zisizonyooka, na hapo mpira wowote utakufa vilevile. Uliovimba ukalainika umeguswa na kemikali isiyopatana nao. Ulioyeyuka kwa ndani umepikwa na mitikisiko ya kuzunguka, na dawa yake huenda ikawa ugumu tofauti: mgumu zaidi au laini zaidi.

Usiamini rangi peke yake. Njano ya kiwanda kimoja inaweza kuwa na ugumu usiofanana na njano ya kingine.

Jambo moja linanitia wasiwasi zaidi. Mpira ukiisha kabisa, meno ya chuma hushikana na mashine huendelea kuzunguka. Kwa pampu ya maji huo ni muda wa kujiokoa. Penye mvuke unaoweza kushika moto, chuma kinachogonga chuma ni cheche, kwa hiyo kelele mpya ikisikika hapo, zima mashine, funga swichi kwa kufuli, ndipo ufungue kava.