Nani Aushike Mgambo? Hoja za Richmond, 1788

Wanafunzi wangu wa historia ya Katiba ya Marekani huanza kwa kuuliza kama Marekebisho ya Pili, yaani kifungu cha haki ya kumiliki na kubeba silaha, yalimlinda mtu binafsi au jeshi. Mimi huwarudisha kwanza Richmond, Virginia, mwezi Juni 1788, kwa sababu wajumbe waliokutana huko kuamua kama Virginia iidhinishe Katiba mpya walikuwa wakigombania jambo lililotangulia hilo: nani awe na mamlaka juu ya mgambo, yaani raia wa kawaida, mkulima au fundi, aliyetakiwa kujitokeza na silaha nchi ikihitaji ulinzi.

Chini ya mkataba wa shirikisho wa 1781, Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na ilipotaka askari ililazimika kuyaomba majimbo. Wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni walipoasi mwaka 1786, kikosi cha kuwazima kiligharimiwa na matajiri wa Boston. Ndiyo maana Alexander Hamilton, mtetezi wa Katiba mpya, alishikilia kwamba mamlaka ya ulinzi wa pamoja yasiwekewe mipaka, kwa kuwa hatari zinazolikabili taifa hazina mipaka.

Katiba mpya iliipa Kongresi uwezo wa kuupanga mgambo na kuupatia silaha, huku majimbo yakibaki na uteuzi wa maofisa na mafunzo. Hapo ndipo George Mason, mjumbe aliyeipinga Katiba hiyo, alipoona hatari, nami naihesabu hoja yake kuwa nzito kuliko zote: serikali kuu haingehitaji kumnyang’anya mtu bunduki, kwani ingetosha kuacha kuugawia mgambo silaha hadi ujifie wenyewe. James Madison, aliyeitetea Katiba, alikwisha kuandika kwamba jeshi la kudumu la askari 25,000 au 30,000 lingekabiliwa na raia karibu nusu milioni wenye silaha. Hesabu hiyo haikumtuliza Patrick Henry, mpinzani mwingine wa Katiba, ambaye aliwaza pia uasi wa watumwa, na ni lazima tuliseme hili waziwazi, kwa sababu katika Virginia mgambo ulikuwa chombo cha kuwadhibiti watu waliotumikishwa.

Virginia iliidhinisha Katiba kwa kura 89 dhidi ya 79, ikiambatanisha mapendekezo ya marekebisho. Sentensi ya Marekebisho ya Pili, iliyopitishwa mwaka 1791, inataja mgambo na haki ya watu ya kubeba silaha kwa pamoja. Mwaka uliofuata, Kongresi ilimwagiza kila raia mwanamume mzungu aliye huru na mwenye afya, kuanzia miaka 18 hadi chini ya 45, ajinunulie bunduki yake ndani ya miezi sita, na haikumwekea adhabu asiyeinunua.