Kitambi, nyonga na moyo: mizani haijui mafuta yamekaa wapi

Wanaume wengi wa rika langu huapa kwamba saizi yao ya suruali haijabadilika tangu waoe. Ilikuwa 34, leo ni 34. Ni kweli, ila angalia mkanda unapofungwa siku hizi: umeteremka chini ya kitambi, umekibeba kama mbeleko. Fundi cherehani akipitisha futi usawa wa kitovu ndipo ukweli unapotoka. Tuyapime basi madai manne ya mtaani.

"Uzito wangu uko sawa, kwa hiyo niko salama."

Mizani inapima jumla tu. Haitofautishi mafuta ya mapajani na yale yaliyozunguka utumbo, na hapo ndipo penye kesi. Daktari Mfaransa Jean Vague, wa Marseille, aliandika tangu 1947 kwamba kisukari na magonjwa ya mishipa huwaandama zaidi wanene wa sehemu ya juu ya mwili kuliko waliojaa chini. Ilichukua miongo watu kumsikiliza. Mwaka 2005 utafiti wa INTERHEART, uliohusisha watu wapatao 27,000 katika nchi 52, ulionyesha kuwa uwiano wa kiuno na nyonga unabashiri shambulio la moyo vizuri kuliko BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu.

Sababu yake utaielewa ukiwahi kushuhudia mbuzi akichunwa. Chini ya ngozi kuna mafuta, sawa. Lakini tumbo likipasuliwa unakuta utando mweupe kama wavu umefunika utumbo. Na sisi tunao. Mafuta ya chini ya ngozi unaweza kuyabana kwa vidole. Haya ya ndani huyafikii, na damu inayotoka kwenye utando huo na kwenye utumbo inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta huanza kuipuuza insulini, homoni inayoshusha sukari: linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata kama umetoka kula sasa hivi, na mafuta ya damu yanapanda pia. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, miaka nenda rudi, mpaka lichoke. Presha nayo haiko mbali.

"Mwenye makalio makubwa ndiye mgonjwa mtarajiwa."

Kinyume chake. Mafuta ya nyonga na mapaja ni ghala tulivu: hupokea ziada ya mlo na kuitunza isizagae kwenye ini na misuli. Kwa watu wenye uzito unaolingana, nyonga pana huendana na hatari ndogo zaidi. Ila mama akikoma hedhi, mafuta huanza kuhamia tumboni, na kinga hiyo inapungua.

"Mwembamba hapati kisukari."

Waulize walioanza ARV enzi za stavudine, mojawapo ya dawa hizo. Mashavu yalibonyea, miguu ikakonda mpaka mishipa ikatokeza, na wengine wakaota tumbo au nundu nyuma ya shingo. Wapo waliopimwa wakakutwa sukari na mafuta ya damu yako juu. Dawa ilikuwa imeharibu ghala la chini ya ngozi, na mafuta yasiyo na pa kukaa yakaishia pasipotakiwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua.

"Piga mazoezi ya tumbo kila asubuhi, kunywa maji ya moto na ndimu, kitambi kitayeyuka."

Maji ya ndimu ni matamu, basi. Mazoezi ya tumbo hukaza misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe hayajui ulikuwa unafanyia mazoezi kiungo gani. Kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli au kulima hupunguza yale ya ndani hata mizani isipocheza. Hata kuyanyonya hospitalini hakusaidii moyo: mwaka 2004 Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 walionyonywa takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi. Wiki 10 hadi 12 baadaye, insulini na presha zilikuwa palepale.

Sasa kipimo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka kikomo cha kiuno, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara likaazima namba za Wazungu kwa kukosa takwimu zetu, jambo linaloniudhi mpaka leo. Mimi napenda zaidi kanuni ambayo Uingereza iliipitisha rasmi 2022: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Huhitaji hata futi. Kata kamba inayolingana na urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati ibaki nusu, kisha izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi kwanza, na usivute tumbo ndani. Ncha zisipokutana, mkapime sukari na presha wiki hii, wewe na huyo wa saizi 34.