Kinachobadilika mtoto anapofika darasa la nne

"Mwalimu, huyu mtoto darasa la tatu alikuwa anaongoza. Sasa amepatwa na nini?"

Katika miaka niliyofundisha darasa la nne, sijaulizwa swali lolote mara nyingi kama hili. Mzazi anakuja na daftari mkononi, akihofia kwamba mtoto amekuwa mvivu, au amepata marafiki wabaya, au mwalimu hamjali. Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo. Mtoto ni yuleyule na bidii yake ni ileile. Kazi anayopewa ndiyo imegeuka, na hakuna aliyemwambia.

Madarasa ya mwanzo ni ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto anajifunza kusoma. Akifika darasa la nne anatakiwa asome ili ajifunze. Maneno ni yaleyale, mpangilio umebadilika, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Jeanne Chall, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alizieleza hatua za usomaji mwaka 1983 na kuuweka mpito huu kwenye umri wa miaka 9 hivi. Mwaka 1990 yeye na wenzake walionyesha kwamba watoto wa familia zenye kipato cha chini nchini Marekani walisoma vizuri hadi darasa la tatu, kisha kuanzia la nne wakaanza kubaki nyuma. Kilichotangulia kuwashinda ni maana za maneno, hasa yale yasiyosikika katika mazungumzo ya kila siku.

Wiki ya kwanza ya mwaka huwa nawapa wanafunzi wangu kifungu kama hiki:

"Popo wengi huwinda usiku. Popo anaporuka hutoa sauti nyembamba mno ambayo sisi hatuwezi kuisikia. Sauti hiyo ikigonga kitu, hurudi masikioni mwake."

Mtoto anakisoma kwa sauti, hakwami popote, na vituo anavizingatia. Namuuliza, popo huwinda wakati gani? "Usiku." Vizuri. Namuuliza tena: kwa nini popo hagongi mti gizani? Kimya. Kidole kinatembea juu ya mistari kikitafuta neno "mti". Kinafika mwisho, kinarudi mwanzo. Halafu ananitazama: "Mwalimu, hawajaandika."

Anasema kweli, hawajaandika. Jibu linapatikana kwa kuunganisha sentensi ya pili na ya tatu, kisha kuongeza kitu ambacho mtoto mwenyewe anakijua kuhusu sauti inayorudi. Darasa la tatu hakuzoea kuulizwa hivyo. Jibu lilikuwa kwenye mstari, na ukilinakili sawasawa unapata alama.

Upimaji wa kimataifa wa usomaji unaoitwa PIRLS, ambao shirika la kimataifa la tathmini ya elimu, IEA, limekuwa likiuendesha tangu 2001, umeelekezwa kwa watoto wa mwaka wa nne wa shule kwa sababu ya mpito huohuo wa kutoka kujifunza kusoma hadi kusoma ili kujifunza, na unadai wastani wa umri wao usipungue miaka 9 na nusu. Maswali ya kutafuta kilichoandikwa waziwazi huchukua takriban asilimia 20. Asilimia 30 hivi ni ya kung'amua jambo ambalo halikusemwa moja kwa moja, 30 nyingine ni ya kufasiri na kuunganisha mawazo ya kifungu kizima, na 20 ni ya kukitathmini: je, mwandishi ameeleza vya kutosha? Picha aliyoiweka inasaidia? Kwa hiyo mtoto ambaye silaha yake pekee ni kidole kinachotafuta neno amejiandaa kwa sehemu moja kati ya tano.

Ndiyo maana wazazi huwa nawaambia hivi: mtoto akimaliza kusoma, msimuulize "umeelewa?" Atajibu "ndiyo", na atakuwa anaamini hivyo. Muulizeni "umejuaje?" Swali hilo linamrudisha kwenye maandishi akitafuta sababu.

Kwenye hisabati nitakaa kidogo, maana huko mabadiliko ni makubwa zaidi na yanaonekana kidogo zaidi.

Hadi darasa la tatu, namba nyingi alizokutana nazo mtoto zilikuwa za kuhesabia vitu. Nane ni kubwa kuliko sita, basi. Kisha zinakuja sehemu. Ukiwauliza watoto ipi kubwa, 1/6 au 1/8, wengi watasema 1/8, na watashangaa ukiwaambia wamekosea. Hawajabahatisha. Wametumia kanuni iliyowafaa kwa miaka mitatu mfululizo. Kosa hilohilo hujitokeza kwenye desimali: 0.45 inaonekana kubwa kuliko 0.5 kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 5.

Sitangulizi kanuni. Nawapa vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja wanakikunja kigawanyike katika sehemu sita sawa, kingine katika sehemu nane sawa. Kupata sehemu sita sawa kunawasumbua, karatasi inapinda, wanarudia, na usumbufu huo una faida kwa sababu mtoto anaona kwa mikono yake kwamba kadiri asili, yaani namba ya chini, inavyokua ndivyo kila kipande kinavyopungua. Baada ya hapo tunachora mstari wa namba kutoka 0 hadi 1 na ninawaomba waweke 2/3 mahali pake. Nataka waione 2/3 kama namba moja yenye mahali pake, kama ilivyo 7 au 12. Mtoto anayeona namba mbili zilizobebana, kiasi juu na asili chini, atakuja kujumlisha 1/2 na 1/3 apate 2/5, na hataona tatizo lolote ingawa jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo.

Mwaka 2012 mwanasaikolojia Robert Siegler na wenzake walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Marekani na Uingereza. Waliona kwamba uelewa wa sehemu na wa kugawanya katika umri wa miaka 10 hivi ulitabiri mafanikio ya hisabati ya sekondari miaka kadhaa baadaye, hata baada ya kuzingatia akili ya jumla ya mtoto, elimu ya wazazi na kipato cha familia. Nikiusoma utafiti huo nakumbuka ratiba zinazoipa mada ya sehemu wiki mbili, na roho inaniuma.

Kuzidisha nako kunabadilika. Chukua 34 × 26. Kosa ninalolikuta zaidi ni mtoto kuzidisha 30 × 20 akapata 600, 4 × 6 akapata 24, akaandika 624 na kuweka kalamu chini. Nikichora mstatili na kuugawa katika vyumba vinne, anaviona viwili alivyovisahau: 30 × 6, yaani 180, na 4 × 20, yaani 80. Jumla inakuwa 884. Njia ya kupanga namba kwa wima ni nzuri na lazima aijue, lakini ajue pia ile sifuri anayoiweka mstari wa pili imetoka wapi. Watoto wengi huiweka kwa sababu wameambiwa waiweke. Na jedwali la kuzidisha lazima liwe kichwani. Najua wapo wasiopenda kukaririsha. Ila mtoto anayehesabu 7 × 8 kwa vidole akifika katikati ya swali amekwisha kusahau alikuwa anatafuta nini.

Yapo pia maumbo: kupima pembe kwa kipimapembe, kutofautisha pembemraba, pembe kali na pembe butu, kutafuta mzingo na eneo. Hayo huenda vizuri, isipokuwa mzingo na eneo ambavyo huchanganywa. Mstatili wa sentimita 6 kwa 2 na mraba wa sentimita 4 kwa 4 vyote vina mzingo wa sentimita 16, lakini eneo la kwanza ni sentimita za mraba 12 na la pili ni 16. Waacheni watoto wachore maumbo yote mawili na kuhesabu miraba.

Katika sayansi ninachokitafuta zaidi ni jaribio la haki. Mtoto akitaka kujua kama mbegu inahitaji mwanga, abadilishe mwanga peke yake. Maji, udongo na chombo viwe sawa. Kwenye uandishi anatakiwa kutoka sentensi moja moja hadi aya yenye wazo moja, lenye sababu na mfano. Neno "kwa sababu" ndilo ninalolitafuta kwanza kwenye daftari la insha, kabla sijaangalia tahajia.

Sasa nirudi kwa mzazi mwenye daftari. Kabla ya kuongeza masomo ya ziada ni muhimu kujua tatizo liko wapi. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba kuelewa unachosoma ni zao la mambo mawili: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuelewa lugha yenyewe. Walisema zao, yaani hesabu ya kuzidisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa kiasi gani.

Hili unaweza kulipima nyumbani. Tafuta kifungu kifupi cha sayansi ambacho mtoto hajawahi kukiona. Msomee wewe kwa sauti, yeye asikilize tu, kisha muulize maswali mawili yanayoanza na "kwa nini". Siku nyingine chukua kifungu kingine cha ugumu uleule, akisome mwenyewe, muulize vilevile. Akielewa anaposikiliza lakini asielewe anaposoma, bado anahangaika na herufi na silabi, na anahitaji kurudishwa huko bila kuaibishwa, hata kama yuko darasa la nne. Asipoelewa hata anaposomewa, silabi si tatizo. Anakosa maneno na maarifa, na dawa yake ni kusomewa vitabu vya wanyama, vya nyota, vya mashine, vya watu wa kale, na kuachwa aulize. Watoto hao wawili huleta alama zinazofanana kwenye ripoti, kwa hiyo ukija kuniona, njoo na majibu ya jaribio hilo pamoja na daftari.